Labda ya Nani

Cato Manor, Durban
Jumatano jioni

Kwa dada yangu mpendwa Rhoda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na za Lynn pia, ambaye sasa hivi yuko zamu kazini. U hali gani? Mguu wako unaendeleaje, na Baba Lynn je, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Joto la Durban limepungua, nguo zinakauka kwenye kamba bila kunuka unyevu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Kwa mengine nitamshukuru nikishamaliza kuandika.

Kabla hujaendelea, geuza bahasha uitazame gundi. Nimeibandika mwenyewe, kisha nikapitisha mstari wa kalamu ya bluu juu ya mshono. Kama pande mbili za mstari hazikutani, Lenny akueleze kwa nini. Usicheke. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba Bilha akipewa uji hukoroga kwanza aone kilicho chini. Lenny unamjua, ni yule wa kwetu anayefundisha hesabu chuo kikuu hapa, na yuko likizo. Mpe chai, akae, na usimwulize kitu mpaka ufike mwisho wa karatasi hizi.

Ningeweza kukupigia simu, lakini simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Siku ile nilipopiga nikakuambia msimamishe kila kitu, mbuzi arudi zizini na wazee waambiwe mgeni haji, nilisema maneno machache nikakuachia hasira nyingi. Tangu hapo huongei na Lynn, na mimi unanijibu “sawa” na “haya”. Lynn naye ameandika barua ya kuacha kazi. Ameitia mkobani na anasema ataitoa hata nyumbani mkikataa, amfuate huyo mwanaume wake Polandi mkataba wake wa hapa ukiisha. Nimemsihi angoje mpaka wewe useme neno lako. Amekubali, lakini kwa shingo upande. Kwa hiyo soma polepole, Dada. Mtoto anangoja jibu lako, si langu.

Kazi yangu unaijua, ingawa sijawahi kukueleza vizuri. Kila Jumanne na Alhamisi naenda Queensburgh, kwenye nyumba waliyopangishiwa Wapolandi wanne wanaotengeneza kreni za bandarini. Kiingereza wanakijua tayari. Kile cha bolti na nyaya wananishinda hata mimi. Wanachotaka kwangu ni kile cha juu, cha ripoti na mikataba na kuzungumza na wakubwa. Na katika hicho cha juu hakuna kinachowaangusha kama maneno ninayoyaita marafiki wanafiki. Ni maneno ambayo Kiingereza na Kipolandi waliyarithi kwa babu mmoja. Yanafanana sura, lakini kila moja lilikwenda zake likawa na tabia yake. Ni kama Mkenya anapomwambia Mtanzania kwamba fulani amepata bibi mpya, yaani mke, Mtanzania akabaki akijiuliza nyanya mpya hupatikana wapi.

Lynn alikutana na Zenon kwa neno la namna hiyo. Jamaa aliingia duka la dawa ambako Lynn anafanya kazi, akaweka karatasi ya daktari juu ya kaunta, akasema kwa Kiingereza kwamba risiti yake ndiyo hii. Lynn akamwambia risiti hupewa mtu aliyekwisha lipa. Yeye akashikilia kwamba ni risiti, daktari ameiandika kwa mkono wake. Walibishana mpaka watu wa foleni wakaanza kucheka. Kumbe kwao karatasi ya daktari ya kuchukulia dawa huitwa “recepta”. Kesho yake alirudi dukani na hakuwa na ugonjwa wowote. Lynn akamtajia kwamba ana mama mdogo anayefundisha maneno, na haukupita muda kampuni yao ikaniita. Unaona sasa nilivyoanza kushuku? Yule mtu alikuwa akitafuta mwalimu, au alikuwa akitafuta njia ya kufika jikoni kwangu?

Na jikoni alifika. Siku ya kwanza alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi. Nikajiuliza ni katika nyumba ya nani alikofundishwa adabu hiyo, na ni binti gani aliyekuwa akiitembelea. Wakati wa kula nikamwuliza polepole, kama mtu anayeomba chumvi, kama ana mke. Akanijibu, “Actually, I have no wife.” Mtu mwingine angepumua, maana kwa Kiingereza amesema kwa kweli hana mke. Lakini mimi ninaishi na maneno haya. “Aktualnie” ya kwao ni kwa sasa. Kwa sasa sina mke! Dada, mtu akikuambia kwa sasa hana njaa, si utajua amekula mahali? Nilimtazama Lynn, nikaona anamwongezea mboga.

Jambo hilo nililipeleka kwa Antoinette. Ni jirani yetu, Mkongomani wa Bukavu, ana saluni mjini karibu na Warwick, na habari za watu huzichambua kama mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwanaume wa miaka makumi ine hana bibi? Eish, Bilha! Iko na kitu anaficha. Angaria muzuri.” Basi nikaanza kuangalia vizuri. Nikagundua kwamba kila tukipumzika darasani Zenon hutoka barazani akampigia simu mtu anayeitwa Halina. Huongea kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza. Jina la Halina nililiona kwenye kioo cha simu yake, na jinsi nilivyoliona ni siri yangu.

Wakati huo wewe nawe ulikuwa ukipata habari nzuri tu kutoka kwa Lynn. Zenon alimwandikia kwenye simu kwa Kiingereza, “I will eventually come to greet your parents.” Lynn aliusoma ujumbe huo mara nyingi kama mstari wa Biblia. Kwa Kiingereza mtu huyo amesema mwishowe nitakuja, hata ikichukua muda, nitakuja tu. Akakupigia, ukamwambia Baba Lynn, Baba Lynn akawaambia ndugu zake, ukuta wa mbele ukapakwa rangi, mbuzi akanunuliwa. Sikuwalaumu. Hata mimi nilipoonyeshwa neno lile nililiacha lipite, kwa sababu nililisoma kama Mkenya aliyekwenda shule.

Kisha Lynn akaenda kusukwa. Akiwa amekaa kwenye kiti cha Antoinette, alimsomea ujumbe ule kwa furaha. Antoinette akasimamisha kitana katikati ya nywele. Yeye Kiingereza chake ni cha sokoni, lakini Kifaransa amekisomea, na kwa Kifaransa neno lile lipo na halina ahadi ndani yake. Akasema mbele ya wateja wote, “Éventuellement? Lakini hiyo ni peut-être, mama! Huyu muntu hakusema atakuya. Anasema pengine atakuya.” Lynn akamwambia ile ni Kiingereza, si Kifaransa. Antoinette akamjibu kwamba mwanaume ni mwanaume kwa luga yote. Mtoto alirudi nyumbani nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, analia.

Nikakaa kitandani kwangu nikalifikiria lile neno upya. “Ewentualnie” ya Kipolandi ni ndugu wa damu wa ile ya Kifaransa. Ni labda. Ni ikibidi. Ni tutaona. Nikasema moyoni, huyo hapo nimemshika: kwa sasa sina mke, na labda nitakuja. Ndipo nilipokupigia ile simu. Nilikuambia kwamba mtu wenu hakuahidi kitu, kwamba mmenunua mbuzi kwa maneno matupu. Nikasikia ukimwita Baba Lynn kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa Mama.

Lakini mimi hukumu bila ushahidi siipendi, kwa hiyo Alhamisi ile nilimtegea. Niliandika “eventually” kwenye karatasi kubwa ukutani, nikawaambia wote wanne kila mtu anipe sentensi kuhusu maisha yake mwenyewe. Mwenzao Bogdan akasema eventually atanunua pikipiki, mkewe akikubali. Nikamwambia kwa Kiingereza mkewe amekwisha shindwa, pikipiki iko njiani. Wakacheka wote isipokuwa Zenon. Yeye alikuwa amelikazia macho lile neno. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza tena, je, Mwingereza akisema hivyo, ameahidi? Nikamjibu taratibu, nikimtazama usoni, kwamba ameahidi, na aliyeambiwa ana haki ya kuweka maji ya chai jikoni. Alifunga daftari akatoka barazani, na safari hii hakupiga simu. Alisimama tu, mikono kichwani.

Jumapili, tukiwa tumetoka kanisani, akaja. Nilikuwa nimemwita Lenny awepo mwanaume wa kwetu, na Antoinette alikuja bila kuitwa, amevaa kitenge chake cha kwendea arusi. Zenon alikuwa na koti zito katika joto lile. Alikataa kuketi. Alisema ameandika jambo ambalo hakuwa na haki ya kuliandika. Alitaka kusema kwamba angependa kuja kwenu, kama ninyi wenyewe mtamruhusu. Neno la kuomba ruhusa ndilo alilokuwa akilitafuta, akachukua lililokuwa karibu. Badala yake amejikuta amejialika kwenye nyumba ya watu wasiomjua, na watu hao wamenunua mbuzi. Alikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio.

Antoinette hakuyumba. Alimwambia, “Sasa tuambie, ni promesse ao ni peut-être? Leo, hapa.” Lenny akamtafsiria: ni ahadi au ni labda? Zenon akafikiri, kisha akasema kwamba kuja ni kwake yeye, na labda ni ya wazazi. Kwamba kwa upande wake hakuna pengine hata moja. Antoinette akanigeukia akasema, “Bon, amejibu,” akaenda kupakua wali.

Mimi sikuridhika. Nilimwuliza kuhusu ile “kwa sasa sina mke”. Akasema hajawahi kuoa, na alisema kwa sasa kwa sababu hakutaka kukaa hivyo, na aliyemfanya asitake alikuwa ameketi upande wa pili wa meza akimwongezea mboga. Nikamwuliza Halina ni nani. Hapo alishtuka, na badala ya kunijibu akatoa simu akapiga, picha ikatokea. Ni mamake, Dada. Kizee cha kitambaa kichwani, na nyuma yake jiko lina sufuria inayotoa moshi. Alinichungulia kwa jicho moja jinsi ninavyochungulia watu mimi. Akasema maneno mengi. Zenon akasitasita, mwishowe akatafsiri kwamba mamake anauliza kama sisi ni watu “ordinary”. Karibu niseme ndiyo! Niseme kwa majivuno kwamba sisi ni watu wa kawaida kabisa! Nikakumbuka kwa bahati kwamba “ordynarny” ya kwao ni mtu mkorofi, asiye na adabu, wa matusi. Yule mama alikuwa akiuliza kama mwanawe amejiingiza kwa wahuni. Amekaa huko kwake akitushuku sisi, usingizi hapati. Nilimwambia Zenon amjibu kwamba tumelelewa. Kizee kikaniuliza kama nina bwana. Nikasema mtandao unakatika.

Baada ya chakula Zenon aliniomba nimfundishe neno la kwetu la kusema mtu anapotaka kuja na hajui kama atapokelewa. Nikamwambia kwetu mtu hatumi ujumbe kwamba atakuja hakika, wala hasemi labda atakuja. Huenda, akasimama nje, akasema hodi. Miguu yake imekwisha ahidi, mdomo wake bado unaomba. Akataka nimpe Kiingereza chake, hata kiwe cha juu namna gani. Nimefundisha kazi hii miaka mingi, Dada, na sikuwa nacho. Akalisema hodi, hodi, mpaka Lynn akacheka, na kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu ile siku ya saluni.

Basi ningepaswa kukupigia jioni ile ile nikuambie mtoe mbuzi zizini. Sikupiga. Sasa nikuambie kilicho chini ya uji.

Nilipokupigia mara ya kwanza, nilijua. Nilijua kwamba “ewentualnie” hutumiwa pia na mtu mwenye adabu, anayebisha na kungoja. Naifundisha hivyo. Nilikuchukulia maana moja nikaacha nyingine, nikakupa ile iliyonifaa. Nilifaidika nini? Lynn. Akiondoka yeye, nitarudi kutoka Queensburgh nifungue mlango wa nyumba tupu. Nitaongea na nani Kilogooli chetu? Nani ataniambia, eish Anti, umeweka chumvi mara mbili? Ulinipa mtoto nimtunze, na mimi nimejisahau nikadhani ulinipa awe wangu. Siku ile darasani Zenon alipofunga daftari akatoka, nilifurahi. Nilifurahi kuona moyo wa mwanao unakwenda kuvunjika, kwa sababu ukivunjika utabaki nyumbani kwangu. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nililala nikijua ninayepaswa kushukiwa ni nani.

Lynn nimemwambia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia tu kwamba Mama yake ndiye wa kuambiwa. Ndiyo maana umepata barua na si simu, usije ukanikatia katikati, na ndiyo maana nikaandika kwa Kiswahili, ili aliyesafiri nayo asiweze kuisoma.

Simsemi Lenny. Lenny hakuja peke yake, Dada. Zenon yuko hapo kwenu. Alikuwa na likizo ya kurudi kwa mamake, akaitumia kuja kwenu. Mamake aliposikia alimwambia achukue sweta. Nilimwagiza abaki barabarani, kwenye kile kinu cha kusagia mahindi, asisogee langoni wala asiseme hodi mpaka uwe umesoma yote. Nilitaka umhukumu ukijua mabaya yote niliyomfikiria, na mabaya yangu pia. Bila shaka watoto wamekwisha mzunguka. Maneno ya kwetu aliyo nayo ni matatu, hodi, karibu na asante, na bahasha hii ilikaa mfukoni mwake kutoka Durban mpaka Kisumu. Kwa hiyo ule mstari wa bluu ulikuwa wake, si wa Lenny.

Kama moyo wako umekubali, mtume Lenny akamwambie karibu. Akisikia neno hilo atajua la kufanya. Kama umekataa, usimtukane na usimwache asimame juani akisubiri maelezo marefu. Mtume Lenny na neno moja la Kiingereza, “eventually”. Ataelewa kwamba ni ile maana ya kwao, ya tutaona, atakushukuru na kurudi alikotoka, na mimi nitamwambia Lynn mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kupunguza wala kuongeza.

Msalimu sana Baba Lynn, na umwambie ukuta uliopakwa rangi haujawahi kumdhuru mtu. Wasalimu ndugu zake wote, hata yule anayedai nilichukua mwavuli wake. Mungu akulinde, na mguu wako upate nafuu.

Ni mimi mdogo wako, ninayeshuku hata kivuli changu, na safari hii naomba niwe nimekosea,

Bilha

Nimesahau: akifika mlangoni atavua viatu mwenyewe. Usimshuku kwa hilo. Nimekwisha mshuku mimi kwa niaba yetu sote.